Nani Ataweka Sahihi? Somo Juu ya Mtoto Mgonjwa na Ruhusa ya Wazazi

Ndugu msomaji, somo hili si la dawa wala la chakula. Ni somo la karatasi moja ndogo, na la jina linaloandikwa chini yake. Usilipite kwa haraka, maana uzima wa mtoto waweza kukaa saa nzima juu ya karatasi hiyo ukingoja.

Kila mtu aliyepata kulaza mtoto hospitalini aijua. Daktari amempima mtoto, akasema, "Huyu imempasa kupasuliwa," au, "Huyu imempasa kupewa damu." Kisha mwuguzi aja na karatasi na kalamu, auliza, "Wewe ni nani wake?" Hapo ndipo shida inapoanza. Maana hapa kwetu Kavimvira anayeketi kando ya kitanda mara nyingi si baba wala mama. Ni nyanya. Au ni shangazi, au dada wa miaka 14 aliyemleta mdogo wake mgongoni. Baba yuko Misisi katika machimbo ya dhahabu, au yuko ziwani kuvua ndagala, au amevuka asubuhi kwenda Gatumba na Bujumbura, na sasa mpaka umekwisha kufungwa. Mama yuko shambani upande wa Kiliba. Simu inaita tu. Na nyanya asema, "Mimi sina neno hapa. Tungoje mwenye mtoto."

Je, tungoje? Na mwenye mtoto ni nani? Sheria ya nchi yasemaje, na sisi tulio wa Kanisa yatupasa kufanya nini? Hayo ndiyo tutakayojifunza.

RUHUSA NI NINI

Wengine hudhani karatasi ile ni hila ya hospitali, ili mtoto akifa daktari asishtakiwe. Sivyo. Karatasi si ruhusa yenyewe. Ni ushuhuda tu kwamba ruhusa ilitolewa. Ruhusa ya kweli ni mazungumzo. Daktari aeleza ugonjwa na kazi anayotaka kuifanya. Mwenye mtoto asikia, auliza, aelewa. Ndipo asema ndiyo au hapana kwa moyo wake mwenyewe, bila kutishwa. Mtu aliyeshikwa kidole kikatiwa katika wino pasipo kuelezwa neno, huyo hakutoa ruhusa. Alitoa kidole tu.

Kwa hiyo usione haya kuuliza. Uliza hivi: Ugonjwa huu ni gani? Mwataka kumfanyia nini? Kuna hatari gani katika kazi hiyo? Kuna hatari gani tukiiacha? Je, iko njia nyingine? Kama Kifaransa cha daktari chapita juu ya kichwa chako, mwombe akueleze kwa Kiswahili, au aite mtu wa kukueleza kwa Kifuliru, Kivira, Kibembe au Kirundi. Daktari mwema hatakasirika. Na yule atakayekasirika, mwulize mara ya pili.

Tena, si kila kazi ya hospitali yadai karatasi. Ukimleta mtoto kupimwa uzito, au kuchanjwa, au kutolewa tone la damu la kutafuta malaria, kule kumleta kwako na kumshika mapajani mwako ni ruhusa ya kutosha. Karatasi huja kwa mambo makubwa: kupasuliwa, kulazwa kwa dawa ya usingizi, kupewa damu, kukatwa kiungo.

SHERIA YAMWITA NANI MTOTO

Katika desturi za baba zetu, utoto haukuhesabiwa kwa miaka. Kijana aliyejenga nyumba alikuwa mtu mzima. Msichana aliyezaa alikuwa mama, na mama si mtoto. Sheria ya Serikali haihesabu hivyo. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, yasema kwamba mtoto ni kila mtu, wa kiume au wa kike, ambaye hajatimiza miaka 18. Sheria ya kulinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009 yasema vivyo hivyo. Basi kijana wa miaka 17 mwenye ndevu, anayebeba magunia katika bandari ya Kalundu na kulisha wadogo zake, mbele ya sheria ni mtoto bado. Na msichana wa miaka 16 mwenye mtoto mgongoni, yeye naye ni mtoto.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya ndoa, kwa sababu linaleta ugomvi mwingi mlangoni pa chumba cha kuzalisha. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilikuwa ikiruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Sheria hiyo ilisahihishwa tarehe 15 Julai 2016, na tangu hapo miaka ni 18 kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kwa hiyo mtu aliyemchukua msichana wa miaka 16 nyumbani mwake si mume wake mbele ya sheria, hata kama ng'ombe wamekwisha kutolewa na wazee wamekwisha kunywa. Akija hospitalini akasema, "Mimi ndimi mwenye mwanamke huyu, naamuru asipasuliwe," neno lake halina nguvu ya mume. Wazazi wa msichana ndio wa kuulizwa, na msichana mwenyewe kwanza.

NANI MWENYE MAMLAKA

Sheria ya Jamaa yaweka mtoto chini ya mamlaka ya baba na mama pamoja, katika ulinzi wake, katika afya yake na katika mwenendo wake. Angalia neno lile, pamoja. Wako akina mama wengi wanaorudi nyumbani na mtoto mwenye homa kali kwa sababu wamefundishwa kwamba sahihi ya mwanamke haifai kitu. Zamani kulikuwa na sababu ya kufikiri hivyo, maana sheria ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kwa shughuli za kisheria. Lakini masahihisho ya 2016 yaliondoa sharti hilo. Mama, wewe si mgeni kwa mtoto wako. Sahihi yako ni sahihi ya mzazi.

Je, kama baba na mama wanapishana? Kama ugonjwa si wa haraka, wapewe siku, waitwe wote wawili, daktari awaeleze tena, na mchungaji aweza kukaa nao. Mara nyingi ugomvi si juu ya dawa bali juu ya fedha, na mmoja wao aona haya kusema kwamba hana. Wakizidi kupishana, mama ana haki ya kupeleka jambo mbele ya mahakama. Sheria ya 2009 iliweka mahakama za watoto kwa ajili ya mambo kama hayo ya watoto, ambazo watu huziita tribunali ya watoto.

Mtoto aliyefiwa na wazazi hupewa mlezi kwa sheria. Lakini tunajua jinsi mambo yalivyo. Baada ya vita vingi katika Uvira, Fizi na bonde la Ruzizi, watoto wengi wanalelewa na nyanya, au na mama mdogo, au na mtu wa Kanisa ambaye si wa damu, na hakuna aliyekwenda mahakamani kuandikishwa. Hospitali haiwezi kumfukuza mtu kama huyo. Yeye ndiye anayejua mtoto alianza kutapika siku gani na alikunywa dawa gani ya sokoni. Maneno yake yatasikiwa. Lakini ndugu mnaolea watoto wa wengine, nendeni mkaandikishe ulezi wenu wakati mtoto angali mzima. Ni kazi ya kuchosha, najua. Inachosha zaidi usiku wa ugonjwa.

Juu ya ukoo nitasema neno moja tu. Baraza la ukoo ni jema kwa mahari na kwa urithi. Lakini tumbo la mtoto lililotobolewa na tifoidi haliwezi kungoja mjomba afike kutoka Lemera.

SAA YA HATARI

Sasa tumefika penye moyo wa somo. Tuseme ni saa mbili za usiku. Nyanya amemleta mtoto wa miaka 3. Amekuwa na homa siku nne. Sasa viganja vyake ni vyeupe, ndimi na midomo vimekuwa kama karatasi, anapumua kwa nguvu kama aliyekimbia. Tone la damu linaonyesha malaria, na kipimo cha wekundu wa damu ni 4. Mtoto mzima wa umri huo ana 11 au zaidi. Ikishuka chini ya 5 pamoja na malaria, ugonjwa huo huhesabiwa kuwa malaria kali, na mtoto anayehema hivyo aweza kufa kabla ya mapambazuko asipopewa damu. Baba haonekani katika simu.

Jaribu kujibu kabla ya kuendelea kusoma: Je, daktari amngoje baba?

Jibu ni hapana. Mamlaka ya wazazi ni ya kumlinda mtoto. Haikuwekwa ili mtoto afe kwa sababu wazazi hawako. Sheria ya makosa ya nchi yetu yamwadhibu mtu anayeacha kwa kusudi kumsaidia mwenzake aliye katika hatari, hali aweza kumsaidia, na daktari hakutengwa na sheria hiyo. Sheria ya 2009 nayo yaamuru kwamba katika kila jambo la mtoto litangulizwe lile lenye faida kwa mtoto. Basi daktari humtibu. Huandika katika fishi saa aliyompokea, hali aliyomkuta nayo, mara ngapi alipiga simu, na nani alikuwapo. Na ni desturi njema wawili waandike majina yao, asiwe mmoja peke yake. Baba akija asubuhi, aelezwe yote.

Nyanya afanye nini? Asiseme, "Sina neno." Aseme, "Mimi ndiye ninayemlea, mtibuni." Aweke sahihi kama mtu aliyekuwapo na aliyeelezwa. Hatachukuliwa kama amejifanya baba. Na baba akimlaumu nyanya kwa kuokoa mtoto, wazee wa Kanisa wamwite baba huyo wazungumze naye.

Kipindupindu ni hivyo hivyo, na zaidi. Watu wa Uvira hawahitaji kuelezwa kipindupindu. Mtoto aweza kupoteza maji yote ya mwili wake katika saa chache. Hakuna karatasi ya kuulizia maji ya chumvi na sukari, wala maji ya mshipani. Dada wa miaka 14 akimleta mdogo wake, atapokewa. Asirudishwe kwenda kumtafuta mtu mzima. Na wewe mzazi, wafundishe watoto wako wakubwa njia ya kwenda hospitalini, uwaambie, "Mkiona hivi na hivi, nendeni, msiningoje."

Tena yuko msichana yule wa miaka 16 ambaye uzazi wake umekwama. Mtoto hapiti, mapigo ya moyo wa mtoto yanapungua, imebidi apasuliwe. Mama mkwe asema katika ukoo wao hakuna aliyepasuliwa. Hapo wa kwanza kuulizwa ni msichana aliyelala kitandani, anayesikia maumivu na anayejua anataka kuishi. Wazazi wake watafutwe. Wasipopatikana upesi, kazi ifanyike. Mama mkwe apewe kiti, aelezwe kwa heshima, lakini asipewe kalamu.

MZAZI AKIKATAA

Hili ni gumu kuliko la mzazi asiyekuwapo. Yuko mzazi aliye hapo, mwenye akili timamu, anayempenda mtoto wake, naye akataa. Labda aogopa damu. Labda nabii wa chumba cha maombi amemwambia kwamba ugonjwa huu si wa hospitali. Labda mfumu amemwambia hivyo hivyo, maana hawa wawili mara nyingine husema neno moja kwa sauti mbili.

Tuanze na hofu ya damu, kwa sababu hofu nyingine yapona kwa kuelezwa. Damu ya kumpa mtoto hupimwa kwanza kama ina UKIMWI, homa ya ini ya aina B na ya aina C, na kaswende. Hupimwa pia kama yapatana na damu ya mtoto. Haileti tabia ya mtu aliyeitoa, wala uchawi wake, wala ukoo wake. Baba mwenye nguvu akitoa damu leo, mwili wake watengeneza nyingine; hatapoteza nguvu za kiume, ingawa najua nani anayewaambia hivyo pale kando ya bandari.

Sasa juu ya maombi. Hospitali ya misioni haiwezi kukataza maombi. Ilianzishwa na watu waombao. Swali ni kama maombi ni mlango wa kuingilia au ni ukuta. Soma habari za Yairo katika Marko sura ya 5. Alikuwa mkubwa wa sinagogi, mtu wa sala kwa kazi yake. Binti yake wa miaka 12 alipokuwa kufani, hakukaa katika sinagogi kungoja. Aliondoka, akaenda penye msaada, akaanguka chini mbele ya watu wote. Soma pia juu ya yule mwenye kupooza wa Kapernaumu, katika sura ya 2. Waliomleta walikuwa watu wanne, nasi hatuambiwi kwamba mmoja wao alikuwa baba yake. Walitoboa dari ya nyumba ya mtu mwingine kwa ajili yake. Mlinzi wa mlango wa hospitali akikusumbua, uwakumbuke hao.

Mtu mzima akikataa dawa kwa ajili yake mwenyewe, daktari atamshauri, atamwombea, na mwisho atamwacha na uamuzi wake. Mwili ni wake. Lakini mwili wa mtoto si wa baba. Katiba yawapa wazazi wajibu wa kuwatunza watoto wao na kuwalinda, na mtu aliyepewa wajibu wa kulinda hakupewa ruhusa ya kuacha afe. Kwa hiyo kukataa kwa mzazi kukiwa ni kumtoa mtoto mautini, daktari ana haki ya kupeleka habari kwa wakuu wa sheria, yaani mwendesha mashitaka wa Serikali au tribunali ya watoto. Na kama saa haimruhusu kungoja jibu, atamtibu mtoto kwanza. Neno hili lawaudhi wazazi wengine. Lakini mtoto wa miaka 3 hajachagua bado imani ya kufia. Aachwe akue, achague.

Katika jambo hili yako maneno ya namna nyingine yanayosikika: "Mtoto huyu ni mchawi, ndiyo maana haponi." Kifungu kile kile cha 41 cha Katiba chakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, nayo sheria yaadhibu. Mtoto mwenye kifafa, mtoto mwenye utapiamlo aliyevimba tumbo, mtoto anayekojoa kitandani, ni mgonjwa au ni mtoto tu. Mleteni.

MTOTO MWENYEWE ANA NENO?

Hapo zamani watu wazima walizungumza juu ya kichwa cha mtoto kama vile wazungumzavyo juu ya mbuzi. Lakini tarehe 20 Novemba 1989 Umoja wa Mataifa ulikubali Mapatano ya Haki za Mtoto, na nchi yetu, iliyokuwa ikiitwa Zaire siku zile, ikayathibitisha tarehe 27 Septemba 1990. Humo, na katika sheria yetu ya 2009, imeandikwa kwamba mtoto aliyefikia umri wa kutambua mambo ana haki ya kusema analowaza juu ya yote yanayomhusu, na neno lake lipimwe kwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Hii haina maana kwamba mtoto wa miaka 6 akikataa sindano, sindano inaachwa. Ina maana kwamba ataelezwa. Usimdanganye kwamba hakuna sindano, kisha ukamshika mikono kwa nyuma. Siku ya pili hatakuamini wewe, wala daktari, na huenda hata Mungu uliyemtaja katika kumdanganya. Mwambie, "Itauma kidogo, nitakuwa hapa."

Na kijana wa miaka 15 au 16 asikilizwe zaidi. Katika habari za Naamani, katika 2 Wafalme sura ya 5, mwenye kujua penye msaada alikuwa kijana wa kike, mateka, mtumwa wa nyumba. Jemadari mkubwa alipona kwa sababu watu wazima walisikia neno lake.

Nchi hazilingani katika jambo hili. Uingereza, sheria ya 1969 ilimpa kijana wa miaka 16 haki ya kukubali matibabu mwenyewe. Na mwaka 1985 mahakama yao kuu ikasema kwamba hata aliye chini ya miaka hiyo aweza kukubali, kama anaelewa vizuri jambo lenyewe. Afrika ya Kusini, sheria ya watoto ya 2005 iliweka miaka 12 kwa matibabu ya kawaida, mradi mtoto awe na ukomavu wa kuelewa. Ndugu zetu ng'ambo ya ziwa, Tanzania, waliteremsha umri wa kupimwa virusi vya UKIMWI kutoka miaka 18 hadi 15 katika mwaka 2019. Kwetu mpaka wa kawaida umebaki miaka 18, lakini katika jambo la UKIMWI umelegezwa, nasi sasa tutalisema hilo.

MAMBO YA SIRI

Sheria ya UKIMWI ya tarehe 14 Julai 2008 ilitaka mzazi atoe ruhusa kabla mtoto hajapimwa. Matokeo yake yalikuwa kwamba kijana mwenye hofu alikaa kimya. Angemwambiaje baba yake sababu ya kutaka kupimwa? Tarehe 9 Julai 2018 sheria hiyo ilisahihishwa, na kizuizi hicho kwa vijana kikaondolewa. Basi kijana, ukiwa na hofu, njoo upimwe. Hatutakufukuza kwenda kumleta baba. Tutakushauri umwambie mtu mzima unayemwamini, maana dawa za kila siku ni vigumu kuzimeza kwa kujificha. Lakini siri yako ni yako, na mwuguzi anayeitangaza sokoni avunja sheria na aivunja amri ya Bwana wake.

Wazazi wengine watasema, "Hospitali yawafundisha watoto kutuficha." Nami nauliza: mtoto akuficha kwa sababu ya hospitali, au kwa sababu ya uso utakaomwonyesha?

Jambo la pili ni zito zaidi. Msichana au mvulana aliyetendewa kwa nguvu imempasa kufika hospitalini upesi, kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kuzuia UKIMWI, na msichana apewe pia dawa ya kuzuia mimba. Saa hizo haziongezeki kwa sababu wazee wanakutana kuzungumza juu ya mbuzi wa kulipa fidia. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 yamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa hawezi kukubali tendo hilo, hata kama mtu atasema "alikubali". Mtoto wa namna hii akija peke yake, au na mwalimu, au na mama wa Kanisa, atapokewa na kutibiwa. Pengine ndiye mwenye mamlaka nyumbani aliyemtenda. Kumngoja huyo aweke sahihi ni upumbavu.

KABLA YA SAFARI

Wewe baba uendaye Misisi, wewe mama uendaye Bujumbura kwa juma zima, fanya mambo mawili kabla ya kuondoka.

Kwanza, mtoto awe na cheti cha kuzaliwa. Sheria yawapa wazazi siku 90 baada ya kuzaliwa kumwandikisha katika ofisi ya eta sivili. Cheti hicho chaonyesha umri wake na wazazi wake ni nani. Bila hicho, mbele ya daktari na mbele ya hakimu ni maneno matupu.

Pili, mwachie anayebaki na mtoto karatasi. Si lazima iandikwe kwa mashini wala kwa Kifaransa. Andika hivi:

"Mimi (jina lako), baba (au mama) wa (jina la mtoto), aliyezaliwa tarehe (siku, mwezi, mwaka), nimemwachia (jina la anayebaki naye), ambaye ni (nyanya, shangazi, jirani) wake. Mtoto akiugua nisipokuwapo, namruhusu kumpeleka hospitalini na kukubali matibabu ambayo daktari ataona yafaa, na kupewa damu, na kupasuliwa kama ni lazima. Simu yangu ni (namba). Nisipopatikana, pigeni kwa (jina na namba). Dawa inayomdhuru mtoto ni (jina la dawa, au: hakuna)."

Chini weka tarehe, jina na sahihi yako. Na kama mko wawili, mwandike wote wawili. Ni vema shefu wa kartie au mchungaji aweke jina lake kama shahidi. Karatasi hii si hukumu ya mahakama, lakini yamwonyesha daktari mapenzi ya wazazi, na yamwondolea nyanya hofu.

Kisha msomee nyanya kwa sauti, maana huenda hasomi, umwulize kama ameelewa. Iweke pamoja na fishi ya mtoto katika mfuko wa plastiki, juu, si chini ya kitanda. Mto Mulongwe ulipofurika mwezi wa Aprili 2020 ulichukua nyumba pamoja na kila karatasi iliyokuwamo. Nakala ya pili mwachie jirani anayekaa mahali pa juu.